Sinema ya Rugenge Haikufa

Mwanangu Sifa,

Kosa ambalo karibu kila mtu hulifanya anapozungumza juu ya sinema za miji midogo kama huu wetu ni kusema kwamba zilikufa. Watakuambia televisheni ilipofika zikaugua, na simu zilipofika zikazikwa. Husema hivyo kwa sauti ya mtu anayesimulia habari za mvua, jambo lisilo na mwenyewe. Lakini nyumba ya matofali haiugui. Kuna mtu aliyeamka asubuhi, akanawa uso, akanywa chai yake, akatoka kwenda kuifunga kwa kufuli. Mtu huyo ana jina. Na mara nyingi kuna mwingine aliyemwandikia karatasi.

Jana, kwenye chakula cha kukuaga, baba yako mdogo Bahati alilisema tena. Ulikuwa ukiwaeleza wageni kwamba unakwenda Lubumbashi kujifunza kutengeneza filimu, naye akacheka mpaka mboga ya sombe ikamdondokea kwenye shati. "Sifa, uchunge," alisema. "Usimalizie kama Papa Kashindi. Sinema yake ilikufa, sasa iko anachajia bantu simu." Meza nzima ikacheka, nawe ukacheka kidogo kwa adabu. Mimi nilichukua kipande cha samaki wa mukeke nikakitafuna polepole, kama mtu asiye na meno. Hasira iliyonipanda pale haijashuka hadi jioni hii ninapokuandikia, mama yako akikunja nguo zako chumba cha pili. Sehemu ndogo tu ya hasira hiyo inamhusu Bahati.

Mambo ya dawa za malaria, ya watu wa kuepuka ndani ya bato, meli ya ziwani, ya namna ya kuhifadhi unga, mama yako amekwisha kuyasema na atayasema tena kesho bandarini Kalundu. Siyarudii. Nina jambo moja tu, na itabidi nilianzie mbali. Umenizoea. Mwalimu hawezi kueleza mlango bila kwanza kueleza nyumba.

Unakumbuka barua yako ya kuomba nafasi chuoni, ile waliyoisifu? Uliandika: "Katika mtaa wangu wa Rugenge palikuwa na ukumbi wa sinema uliokufa kabla sijazaliwa, televisheni zilipoingia." Ulinisomea barazani. Nikakurekebishia koma mbili, na sentensi hiyo nikaiacha ipite. Ni mimi niliyekupa ulipokuwa mdogo, nawe uliihifadhi vizuri kama kila kitu nilichokufundisha. Ni uongo. Unakwenda kujifunza kazi ya kuonyesha watu mambo yalivyo, na kitu cha kwanza ulichobeba kutoka kwangu ni uongo.

Sasa nyumba yenyewe. Hapa ufukweni picha zililetwa kwanza na mapadri, kwa gari na kitambaa cheupe, wakaonyesha maisha ya watakatifu na namna ya kuchemsha maji. Baadaye wafanyabiashara wa kigeni waliokuwa na maduka karibu na ziwa walifungua kumbi, ambamo mwenye viatu alikaa na asiye na viatu alisimama nyuma. Wageni hao walipohama waliacha mashine zao, na walioziokota ni watu ambao leo hakuna anayewataja. Ukisikia "mwenye sinema" unafikiri tajiri wa miwani myeusi. Papa Kashindi alikuwa fundi wa mashine za kukoboa mpunga, mtoto wa wakulima wa Runingu. Alinunua mashine ya picha iliyokuwa imevunjika, akaifungua juu ya mkeka, na kwa masika mazima akawa anakula chakula chake amesimama ili asikalie skrubu. Alipomaliza iliwaka. Akajenga ukumbi, sale kama tulivyouita, akaezeka kwa mabati, akawafukuza popo mwenyewe. Picha alikwenda kuzichukua Bujumbura kwa baiskeli, na mkanda ukikatika aliuunga kwa gundi huku watu mia wakimpigia miluzi. Hiyo ndiyo kazi ambayo ndugu yangu anaichekea na sombe kifuani.

Viti hakuwa navyo. Alitangaza kwamba kila mtu aje na chake, na hapo ukazaliwa mtindo ambao sijausikia mahali pengine. Kila mtu alichoma jina lake kwa msumari wa moto chini ya kiti chake, kisha akakiacha kulekule ukumbini. Kuwa na kiti kwa Kashindi lilikuwa jambo la heshima. Watu wa Rurambo waliposhuka na maziwa siku za soko walikuja na viti vyao vya miguu mitatu vya kuchonga, wakaviacha, kwa sababu hakuna anayependa kupanda mlima na kiti. Watu wa Runingu walikuwa na vile vifupi vya jikoni. Changu kilikuwa cha mbao za sanduku la sabuni. Vyote vilipangwa kwa namna watu walivyofika, si kwa namna walivyozaliwa. Niliona mfugaji wa Rurambo na mkulima wa bondeni wakitazama filimu yenye ng'ombe wengi, wakasahau wanaume waliokuwa wakipigana bastola.

"Ule mwenye kofia, hajue kuchunga," alisema yule wa Rurambo. "Tazama anapitisha ng'ombe fasi ya mawe."

"Na wanakula mahindi ya nani?" aliuliza wa bondeni. "Wewe, Mdomo, tuambie. Mahindi iko ya nani?"

Mdomo nilikuwa mimi.

Hili hujawahi kulisikia, mwanangu. Filimu zilikuja kwa Kifaransa, kwa Kiingereza, nyingine kwa lugha za mbali kabisa ambazo hata waliozileta hawakuzijua. Kwa hiyo kila ukumbi ulihitaji mtu wa kusimama kando ya kitambaa na kueleza. Nilikuwa mwalimu kijana, Kifaransa nilikijua vizuri, sauti nilikuwa nayo. Papa Kashindi aliniomba, nikakubali kabla hajamaliza kuomba. Pale ambapo sikuelewa, nilitunga. Nilitunga sana. Mama mzee wa nchi baridi nilimpa maneno ya bibi yangu, polisi nikampa maneno ya mwalimu mkuu wetu. Watu walicheka, nami nililewa kicheko hicho kuliko pombe yoyote niliyowahi kunywa. Mama yako alikuwa anakaa safu ya tatu. Anasema alianza kunipenda kwa masikio.

Jumapili moja mchana, miaka michache kabla ya vita, tulionyesha filimu ya lugha ambayo hakuna hata mmoja wetu aliyejua neno lake. Ndani yake palikuwa na mkubwa mmoja mnene aliyepita sokoni akichukua vitu vya wanawake bila kuuliza. Wakati huo tulikuwa na shefu wetu hapa, mkuu wa eneo, aliyefanya hivyohivyo kwenye ndagala, dagaa wa wamama wa ufukweni, kila asubuhi, na kila alipojitia kuwa na haraka alikohoa mara mbili. Nilimtazama yule mnene wa kwenye kitambaa. Nikakohoa mara mbili.

Ukumbi ulilipuka kwa kicheko. Ningeishia hapo. Lakini nilikuwa Mdomo, nikaendelea: "Mama, ndagala hizi nazichukua kwa sababu ya usalama wenu. Ndagala nyingi zinaleta fujo." Wamama walipiga makofi mpaka Papa Kashindi akatoa kichwa kwenye tundu la mashine kuona kuna nini. Nilimwona vizuri. Hakucheka. Alinitazama jinsi fundi anavyotazama waya ulioanza kutoa moshi.

Kesho yake waliitwa biro, ofisini kwa shefu, watu wawili waliokuwepo, kisha yeye. Karani aliyekuwa akiandika ndiye aliyenisimulia, na sina sababu ya kutomwamini.

"Ile filimu inasema Kiswahili?" shefu alimuuliza.

"Hapana, shefu. Inasemaka ya kwao."

"Basi nani alisema mambo ya ndagala?"

"Sale iko yangu, shefu. Kila neno inatoka mule ndani iko yangu."

Walimuuliza jina langu mara tatu. Mji mzima ulilijua, hata shefu alilijua, lakini alitaka litoke kwake. Halikutoka. Walimweka ndani siku nne.

Siku hizo nne nilifundisha kama kawaida. Niliandika tarehe ubaoni kwa mwandiko mzuri. Nilijiambia kwamba nikienda kusema nitaongeza tatizo, kwamba tutakuwa ndani wawili badala ya mmoja. Nakuandikia hivi ilivyokuwa ili ukikutana na sababu hiyo mahali, uitambue kwa sura. Inavaa vizuri, inaonekana ya mtu mwenye akili.

Lakini kumfunga mtu kwa kikohozi kulimwonyesha shefu kuwa mdogo mbele ya wamama, naye alijua. Alihitaji sababu nyingine. Siku ya tano mwalimu mkuu aliniita, akafunga mlango.

"Mwalimu, weye uko na mwandiko muzuri," alisema. "Wazazi wanalalamika juu ya ile sale. Andika tu, wao watatia sahihi."

"Wanalalamika nini?"

"Kwamba watoto bakitoka kule hawasomi tena. Kwamba wanafunzwa ujambazi. Weye unajua kupanga." Kisha akaongeza, akitazama dirisha: "Na ile kazi yako bado haijathibitishwa, sivyo?"

Niliandika. Sifa, sikusukumwa mkono. Niliiandika kwa Kifaransa, ukurasa mmoja na nusu, na katikati yake nilisimama kutafuta neno lenye nguvu zaidi ya "kuharibu". Nikalipata. Nililifurahia. Ninaweza kusamehe woga wa kijana wa miaka ishirini na minne. Ile furaha ndogo ya kupata neno, hiyo ndiyo inayonikasirisha hadi leo. Waliotia sahihi walikuwa kumi na kitu, na wengi wao walikuwa na viti mule ndani.

Kufuli likawekwa. Mashine ikachukuliwa "kwa uchunguzi", na wanaichunguza mpaka leo. Mimi nikathibitishwa kazini.

Nilipomwambia mama yako, wakati huo tukiwa wachumba, hakupiga kelele. Alikuwa anachambua mchele. Akasema: "Weye unasemeaga hata bantu ya mu filimu, wasiokujua. Papa Kashindi ndiye amekosa wa kumusemea." Kisha akaendelea kuchambua. Alinioa hivyohivyo, ndivyo anavyopenda kusema, kwamba ni yeye aliyenioa.

Baadaye vita vikaja, na vita vilinipa udhuru mzuri kuliko wote. Kumbi nyingine za ufuko huu nazo zilifungwa, nyingine zikaporwa mabati, nyingine zikageuzwa ghala. Nikajiambia kwamba hata bila barua yangu ukumbi wa Rugenge usingefika mbali. Labda ni kweli. Lakini mtu anayevunja chungu cha jirani siku moja kabla ya nyumba kuungua bado amevunja chungu. Na tazama ufasaha huu: hata sasa ninatafuta mfano mzuri. Ndiyo maana ulipoanza kuuliza maswali nilikuwa na jibu tayari, "ulikufa", neno jepesi, halina mkono wala mwandiko.

Ulipokuwa na miaka saba ulirudi nyumbani na wenzako mkicheka. Mlikuwa mmepita mbele ya nyumba yake mkipiga kelele, "Papa Sinema, washa!" kama watoto wote wa mtaa walivyofanya. Ulinisimulia namna alivyowapungia mkono. Nilicheka nawe, Sifa. Nilikuwa na nafasi ya kusema neno moja, nikacheka.

Yeye siku kufuli lilipowekwa aliomba jambo moja tu, aruhusiwe kutoa viti. Akavibeba vyote hadi barazani kwake, akavipanga, akatuma habari kwamba kila mtu achukue chake. Baadhi walikuja. Wengi wa waliotia sahihi walituma watu. Wengine waliuawa vitani, wengine walikimbia, wengine wako ng'ambo. Vilivyobaki bado viko pale, umeviona mara mia ukipeleka simu kuchaji, ukafikiri ni vitu vya mzee asiyependa kutupa. Vigeuze uone chini. Kiti cha Rurambo kimeegemea cha Runingu, na leo wenyewe hawawezi kukaa hivyo hata sokoni, wanatazamana kama watu ambao hawakuwahi kubishana juu ya ng'ombe wa kwenye kitambaa. Hili nalo watu husema "lilikufa", ule ujirani. Nalo nawaambia waulize nani aliandika karatasi.

Cha mbao za sanduku la sabuni kiko safu ya nyuma, karibu na ukuta. Anakifuta vumbi pamoja na vingine.

Nimekwenda mara tatu kukichukua. Mara ya kwanza nilifika hadi barazani, nikakiona, nikageuka. Mara ya pili ni ulipozaliwa. Nilijiambia kwamba mtu aliyepata mtoto anaweza kusema lolote, lakini nilipofika tulizungumza juu ya betri za redio. Mara ya tatu ni mwezi uliopita.

"Nani huyo?" aliuliza, maana macho yake yamefifia.

"Ni mwalimu."

"Mwalimu, karibu. Simu imeisha moto?"

Nikampa simu. Aliisogeza karibu kabisa na jicho, akaitazama, akanirudishia. "Hii iko na moto yote, Mwalimu. Ulikuja na shida gani?"

"Nimesahau," nilisema.

Akacheka kwa upole. "Ikirudi, ulete."

Unaona kwamba ananiita Mwalimu. Tangu siku ile hajawahi kuniita Mdomo. Miaka yote hii hajaniuliza, hajanilaumu, hajamwambia mtu. Bahati anayemcheka angekuwa na nini cha kusema kama angejua kwamba ndugu yake amekula mshahara wa shule maisha yake yote kwa sababu mzee huyo alifunga mdomo siku nne?

Wiki ijayo wanawe wanamhamishia Runingu, kwa sababu ya macho. Nyumba itapangishwa. Viti, nimesikia, mpangaji amesema vinafaa kwa kuni.

Utapewa mashine huko, Sifa, na siku moja utawatia watu maneno mdomoni, kwa sababu hiyo ndiyo kazi yenyewe, hakuna anayeikwepa. Sina kanuni ya kukupa. Nilikuwa mzuri katika kazi hiyo, na ubora wangu haukunizuia chochote. Nakuambia tu nilichokigundua kwa kuchelewa: nilipokuwa nikikohoa kama shefu nilijiona jasiri, na ujasiri wote ulikuwa wa mtu mwingine, yule aliyekuwa na jina lake juu ya mlango. Ukiona watu wanacheka na kupiga makofi, tazama kwenye tundu la mashine. Tazama uso wa yule atakayeitwa kesho yake.

Ile sentensi yako utaiandika upya mwenyewe. Sitaigusa tena, hata koma.

Sitaki uende kwake kwa niaba yangu. Hilo lingekuwa tena kumwachia mwingine mdomo wangu, na safari hii ungekuwa wako. Lakini peke yangu nimeshindwa mara tatu, na ninajijua: nikibaki mimi na yeye nitatafuta habari za betri. Mbele yako sitaweza kukwepa. Unanijua ninavyokimbia maneno, na utakuwa umesimama pale umeshika kiti changu. Nitamwambia kwamba kikohozi kilikuwa changu na mwandiko ulikuwa wangu. Akinifukuza, utakuwa umeona. Akininyamazia, tutakaa naye kimya mpaka saa ya bato.

Utakapoisoma hii kutakuwa kumepambazuka, na bato haliondoki kabla ya alasiri. Nitakuwa barazani, nimevaa viatu, nimeupa mlango mgongo ili nisikuone ukisoma. Usinijibu kwa barua, wala usinihurumie. Njoo unishike bega, useme, "Papa, twende Rugenge."

Baba yako